Matangazo ya Ndoa ya Mama

Watu wa Mushasha nikiwasimulia habari hii hucheka kwanza. Mama yako mzazi anaolewa? Na wewe ndiye unayemsomea matangazo? Nawaacha wacheke mpaka wachoke, maana hata mimi ningecheka kama isingekuwa ya kwangu. Halafu nawapa sehemu ya Gasorwe, na hapo kicheko kinakwisha.

Napanga chumba Mushasha, hapa Gitega, Burundi, katikati ya Wakatoliki. Kulia masista, kushoto shule, mbele kengele inayoniamsha kila asubuhi bila kuniuliza dini yangu. Cherehani yangu iko barazani. Kanisani kwetu, Kanisa la Anglikana, niliingia kupitia cherehani hiyohiyo. Akina mama wa umoja wa kanisa walikuja kushonesha sare zao, blauzi nyeupe na kitenge cha buluu, wakanikuta nagombana na mteja aliyetaka gauni la harusi liwe tayari kesho yake. Nina mdomo, sikufichi. Nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, na kule usipokuwa na mdomo foleni ya maji inakupita. Wale mama wakasikiliza ugomvi mpaka mwisho, kisha mmoja akasema kwa Kiswahili cha hapa, "Mi naona huyu sauti yake iko nzuri. Asome matangazo."

Ibada ya Kiswahili, ya sisi tuliorudi kutoka Tanzania na ya Wakongo wa mjini, haikuwa na msomaji asiyekwamakwama. Basi nikasimama mbele nikasoma: mkutano wa vijana, mgonjwa wa kuombewa, mwavuli uliosahaulika benchini. Nilidhani ni kusoma tu. Kumbe ukishaonekana mbele, umekwisha. Mara nifue vitambaa vya madhabahu, mara niwapatanishe wanakwaya waliokataa kuvaa majoho niliyowashonea, eti yanawanenepesha. Nikajikuta nimo mpaka shingoni, na sikutaka kutoka.

Mama na Baba wanaishi Nyarusange, mashambani hukuhuku Gitega, kwenye shamba la ukoo wa Baba. Jumapili za Meza ya Bwana mama alikuwa anakuja Gitega kusali na mimi. Anakaa benchi la nyuma. Watu wakiinuka kwenda mbele kupokea mkate na divai, yeye hainuki. Wenzake humwachia watoto wao wachanga, akabaki nao mapajani, mmoja huku, mmoja kule, mpaka wenyewe warudi. Alikuwa hajafunga ndoa ya kanisani, na kwetu asiyefunga hapokei, wala hapewi sare ya umoja. Nimeshona sare nyingi hata sizikumbuki, na kila nikipima bega la mwanamke namfikiria mama yangu na wale watoto wa watu. Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa kuwa yeye hakulalamika hata siku moja.

Nieleze ilivyokuwa. Mama aliolewa kwanza Gasorwe, huko Muyinga, na mwanamume aliyenizaa. Vita ilipofika kilimani kwao mimi nilikuwa mgongoni. Yule baba akamwambia mama atangulie na majirani, yeye awafungulie mbuzi zizini wasife kwa njaa, atawafuata. Hakutufuata. Kambini mama aliuliza kila mtu aliyeingia, na hakuna aliyemwona, si hai si maiti. Wengi walikuwa hivyo. Hawakujiita wajane, hawakujiita wenye waume. Walisema tu "tulipotezana," na kila mtu akaelewa asiulize zaidi.

Baadaye akatokea mtu wa Nyarusange, mkimya, ambaye mama alipougua malaria alinibeba mimi huku amemshika yeye mkono mpaka zahanati. Huyo ndiye ninayemwita Baba. Sijamjua mwingine. Mchungaji wa kambini aliwaombea chini ya hema la plastiki, akawawekea mikono vichwani, na wao wakaamini miaka yote kwamba wamefunga ndoa. Tuliporudi Burundi ndipo wakaambiwa hapana, yale yalikuwa maombi.

Nikamwendea mchungaji wetu wa Gitega. Akanisikiliza vizuri, akasema hakuna ubaya, ndoa itafungwa. Lakini matangazo lazima yasomwe Jumapili tatu, hapa Gitega na Gasorwe pia, kwa sababu kule ndiko mama alikobatizwa na kuolewa, na kule ndiko wapo watu wanaoweza kusimama wakapinga. Nikauliza, na yule mume wa kwanza akiwa hai? Akavua miwani. Akasema kama yu hai, basi mama ni mke wa mtu, na hapo si ndoa tu itakayozuilika, hata kule Nyarusange atakuwa anakaa kwa nani?

Nikasema moyoni, huyo angekuwa hai tungesikia. Nikaenda Nyarusange na habari zangu njema nikitegemea kukumbatiwa. Mama alikuwa uani anapukuchua maharage. Nilipotaja Gasorwe, mikono yake ikasimama.

Akasema huko hakuna kusomwa. Nikauliza kwa nini, akarudia maharage yake. Nikauliza tena, na safari hii sauti ilipanda, maana nikishikwa na hasira sijui kuongea chini. Nilimwambia anazeekea benchi la nyuma na watoto wa watu. Nilimwambia tangu turudi nchini hajakanyaga Gasorwe hata kwa salamu, kana kwamba kuna chui, na anaogopa nini jamani. Nilisema mengi. Baba alikuwa mlangoni anatia jembe mpini, anasikia kila neno.

"Nikifika nikamkuta yu hai," mama akasema, "nimwache nani?"

Nilimtazama Baba, naye hakuinua uso. Aligonga ule mpini mpaka ukakaa, akalijaribu jembe chini, kisha akasema taratibu, "Wasome. Nimechoka kukaa na mtu anayeogopa."

Matangazo ya ndoa yana swali mwishoni. Unataja majina ya wawili, unataja wanakotoka, halafu unauliza kama yupo anayejua jambo la kuizuia ndoa hiyo, alitamke. Baada ya hapo unanyamaza kidogo. Nilikuwa nimewasomea wengi, na ule ukimya sikuwahi kuupa uzito. Nilikuwa nautumia kugeuza karatasi. Jumapili ile nilisoma jina la mama yangu kwa sauti isiyo yangu, nikauliza swali, nikanyamaza, na huo ukimya haukutaka kwisha. Gitega penyewe sikupaogopa. Niliogopa kwa kuwa nilijua asubuhi ileile, Gasorwe, mtu mwingine anauliza swali hilohilo kwa Kirundi mbele ya watu wanaomjua mama. Nyuma kabisa mwanamume mmoja akasimama. Moyo ulinipiga paa! Kumbe anatoka nje na mtoto wake anayelia. Nilimchukia yule bwana bure mpaka ibada ikaisha.

Jioni mchungaji akanipigia simu: Gasorwe hakuna aliyesema neno. Nikalala usingizi mzuri. Siku zilizofuata nilianza hata kutamba, nikawaambia majirani zangu Wakatoliki wajiandae kula pilau ya Waanglikana. Wakaniuliza kama bibi harusi atahitaji mkongojo. Nikawajibu kwamba atahitaji wapambe wenye adabu, kwa hiyo wao wasihangaike.

Jumapili ya pili nikasoma tena, na safari hii sauti ilikuwa yangu. Baada ya ibada mchungaji akaniita kwenye kile chumba anachovulia majoho. Simu ilikuwa bado mkononi.

"Kaa," akasema.

Chumba kile kina kiti kimoja, na ni chake. Nikajua mambo yameharibika.

"Kule Gasorwe kuna mzee amesimama."

Ameonekana, nikasema moyoni. Yu hai. Palepale nilimwona mama anafunga mzigo wake, nikamwona Baba peke yake na jembe lake Nyarusange, na mkono uliofanya yote hayo ni wangu. Nikauliza, ni yeye? Mchungaji akasema siye, ni mdogo wake, baba yangu mdogo, aliyezipata habari wiki hii. Na hakusema kwamba kaka yake yu hai. Alichosema ni kwamba mwanamke aliyetajwa hawezi kuolewa kwa sababu alikwisha kufa, yeye na mtoto wake mchanga, wakati wa vita. Walikaa matanga yao wakayamaliza, kilima kizima ni shahidi. Anayelitumia jina lake leo ni mwizi anayetafuta shamba. Mchungaji wa Gasorwe alimuuliza habari za kaka yake, na mzee akakataa: habari za ndugu yake hazizungumzi na wezi. Huyo mwanamke kama yupo, aje asimame mbele yake.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka mchungaji akanishika bega. Mtoto mchanga aliyekufa ni mimi.

Ikabidi twende, wote watatu, kwa Jumapili ya tatu. Wiki ile sikushona kitu cha maana, nilipachika mikono ya blauzi kinyume nikafumua, nikapachika kinyume tena. Mama nilipompa habari hakulia wala hakuuliza. Aliniambia tu nikamwambie Baba atafute mtu wa kuangalia mbuzi. Kilichomkaa rohoni nilikijua, maana ndicho kilichonikaa mimi: yule mzee hakukataa kwamba kaka yake yupo.

Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja za serikali, magari hayaondoki mpaka ziishe, na zilipoisha hakuna dereva aliyekuwa na esansi ya kutia gari. Tulikaa kituoni jua likatuchoma, mama ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Mwisho tukapata nafasi kwenye lori la mchele linalokwenda Muyinga. Tukalala mjini kwa mama mmoja wa Kiislamu anayeniuzia vitenge kwa jumla. Nilimweleza kisa chote wakati wa chakula, maana ni mtu wangu. Akamkazia macho mama, akaenda kabatini, akarudi na kitenge kipya.

"We mama, kesho uvae hii," akasema. "Mutu akifufuka hafufukagi na nguo ya shamba."

Ndiyo mara pekee mama alicheka katika safari nzima.

Asubuhi tulikwenda kipande kwa pikipiki, kipande kwa miguu. Mama alitangulia, mimi nyuma yake, Baba nyuma kabisa na mkoba. Tulipofika njia panda ya soko la Gasorwe, mama akashika kushoto bila kuuliza mtu, na mimi ndipo nilipoogopa kabisakabisa, kwa sababu nilimwona ni mtu wa pale. Nilitaka kumvuta nguo nimwambie turudi. Hebu fikiria, mimi niliyempigia kelele aje.

Kanisa lilikuwa limejaa kuliko kawaida, maana habari ya maiti anayeolewa haikosi watu. Tulikaa mbele. Mama alikuwa hageuki, lakini mimi niligeuka kila mara, natafuta mwanamume mwenye pua yangu. Niliwaona wengi. Ukiwa na wasiwasi kila pua ni yako. Baba mdogo hakunipa shida kumtambua: mzee mrefu, kiti cha kwanza upande wa wanaume, fimbo katikati ya magoti, macho hayatuangalii kabisa.

Mchungaji wa pale alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, na alikuwa anatokwa jasho. Akasoma matangazo. Akauliza swali. Hata ukimya haukupata nafasi, mzee alikuwa ameshasimama.

Mchungaji akamwomba mama aje mbele, na mzee naye akasogea mpaka kwenye ngazi. Mama yangu ni mfupi. Alisimama kwenye ngazi ya madhabahu na bado mzee aliinamisha kichwa kumtazama. Alimtazama muda mrefu, na nikaona wazi kwamba hamtambui. Mtu aliyeondoka msichana anarudi na meno yamepungua, utamtambua kwa lipi?

"Siku ulipoingia kwetu," mzee akasema, "mama yetu alikupa nini?"

Mama hakufikiri. "Alinipa ungo uliotoboka. Akasema nipepete nao mtama, aone nimelelewa vipi. Nikauziba kwa kinyesi cha ng'ombe wenu mwekundu, nikauanika juani, nikapepeta. Alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ndiye uliyekwenda kuniletea kile kinyesi."

Wanawake wachache walicheka, wakajizuia. Mzee hakucheka. Akakaa palepale kwenye ngazi, miguuni pa mama, fimbo ikaanguka, akalia mbele ya kanisa zima bila kujifunika uso. Mama akainama akamshika kichwa kama anavyoshika vile vichwa vya watoto wa watu. Nilidhani yamekwisha. Nikashusha pumzi.

Mzee alipopata sauti alizungumza akiwa amekaa vilevile. Akasema baada ya vita mtu mmoja alirudi akaapa kwamba alimwona mama na mtoto mgongoni wakichukuliwa na mto. Kaka yake hakukubali upesi. Alisubiri misimu na misimu, akakubali, wakakaa matanga. Baadaye sana kaka yake akaoa mke mwingine, hapahapa, mbele ya meza hii. Na siku swali la matangazo yale lilipoulizwa, yeye, mdogo mtu, alisimama akatoa ushahidi kwamba mke wa kwanza ni marehemu.

"Nikikubali leo kwamba uko hai, nilimdanganya Mungu mahali hapa," akasema. "Na yule pale atakuwa hakuolewa." Akamwonyesha mwanamke mmoja upande wa akina mama, amevaa sare ya umoja, amemtazama mama bila kupepesa. Ni hapo nilipoelewa kwamba mzee hakusimama kwa ajili ya shamba. Alikuwa na mtu wa kumlinda, kama sisi tulivyokuwa na wa kwetu.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi?"

"Tumemzika," mzee akasema. "Mvua za mwaka juzi."

Mwaka juzi. Sijui kama mnanielewa. Sisi tulikuwa tumerudi nchini zamani. Mwaka juzi nilikuwa na cherehani yangu Mushasha, na baba aliyenizaa alikuwa anatembea hapa, anakaa labda kwenye benchi hili nililokalia. Ni safari ya siku moja. Hasira ilinipanda kwa mama yangu kuliko ilivyowahi kunipanda kwa mtu yeyote, na nikasema kwa sauti, kanisani, "Mwaka juzi, mama." Watu wakageuka. Yeye hakugeuka, lakini nilimwona mabega yakishuka, na nikajua amesikia na hatajitetea. Nikakaa nikauma kanga yangu.

Mchungaji kijana alifanya kazi yake vizuri, nampa haki yake. Alisema asiyejua hakudanganya. Alisema yule mama pale aliolewa kwa haki na ni mjane wa haki, na mtu yeyote asimnyooshee kidole. Alisema kifo kimekwisha kufungua kila fundo, na huyu aliyerudi yuko huru kuolewa na amtakaye. Kisha, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo, akauliza tena mara ya mwisho kama limebaki jambo lolote la kuizuia ndoa hii.

Kimya. Nilimwona Baba kwa pembe ya jicho, ameushika mkoba wa mama, na kwa mara ya kwanza tangu Nyarusange alikuwa ameinua uso. Kila kitu alichokiogopa kilikuwa kimeondoka. Ilikuwa imebaki yeye kusema amina tu.

"Lipo," mama akasema.

Mchungaji hakuelewa. Akamuuliza nani anapinga.

"Mimi. Sijamlilia mume wangu. Wao walinililia mimi, mimi nilikuwa napanga foleni ya unga. Siwezi kuolewa na matanga yake bado ninayo."

Watu wote, hata wasiomjua, walijikuta wanamtazama Baba. Nilitamani aseme kitu kikali. Alikuwa na haki nacho. Alisimama na ule mkoba, akakohoa, na Kirundi chake cha Gitega kikasikika wazi kabisa humo ndani.

"Amlilie," akasema. "Mimi nipo."

Matanga yalikaliwa nyumbani kwa baba mdogo. Habari ilipita vilima haraka, na watu wakaanza kuja wenyewe, na maharage, na juisi ya ndizi, na kuni. Yule mjane, sijui nimwite mama gani, alitandika mkeka, akamwita mama akae naye. Walikaa bega kwa bega. Nikamsikia mama anamuuliza kama marehemu aliendelea na ile tabia yake ya kukoroma, na yule mwanamke akasema ndiyo, mpaka mbuzi walilalamika, na wakalia wote wawili. Mimi walinionyesha kaburi, chini ya migomba. Nilisimama pale mbele ya mtu nisiyemjua. Nililia, lakini kwa hasira, na bado sijawasamehe wote vizuri. Matangazo yatasomwa upya tukishamaliza matanga, Jumapili zote tatu tangu mwanzo. Nimemwambia mchungaji kwamba nitayasoma mwenyewe.

Siku ile ya kwanza nilijipa kazi ya chai, niondoke machoni pa watu. Baba sikumwona, nikadhani ameenda kukaa pembeni, maana mahali pake palikuwa wapi? Nilipotoka na sinia nikamwona mlangoni mwa ua. Alikuwa amejiweka pale anapowekwa mtu wa msiba, anapokea wageni, anawapa mkono, anapokea kuni na vikapu anaviweka ndani. Hakuna aliyemtuma. Mzee mmoja aliyechelewa akamshika mkono, akamtazama usoni, akamuuliza kwa heshima yeye ni nani kwa marehemu.

Baba akavua kofia.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Aliniachia mtoto."

Yule mzee akampa pole, akapita ndani, na mimi nikabaki nimesimama na chai za watu zinapoa.